Ukoko wa Birika

Ndahani alinipimia vijiko vitatu
kwenye kipande cha gazeti, duka la pembeni, Majengo.
"Chumvi ya ndimu," akasema,
"usije ukaitia kwenye uji wa mtoto ukidhani sukari."
Nyeupe kweli. Chembe zinameta.
Nikalamba kwa ncha ya kidole:
taya zikabana, jicho moja likafumba lenyewe,
mate yakaja mbio kama kuku waliosikia mtama.

Wauza juisi wanaijua, na wapika jemu.
Shangazi Nyemo huitia kwenye maji ya parachichi lililokatwa
lisije likasawijika kabla wageni hawajaketi.
Chai ya rangi ukiitonea, inapauka
kama mtu aliyenong'onezwa deni lake.

Mimi niliitaka kwa birika.
Birika la mama, Kizota, miaka kumi na tisa
likichemsha maji ya kisima kirefu,
maji ya hapa, yanayomnyima sabuni povu,
yanayoacha chokaa kwenye sufuria, kwenye bomba, hata kwenye nywele.
Ndani limevaa gamba la kijivu, tabaka juu ya tabaka:
mwaka wa njaa,
mwaka wa harusi ya Chedego,
mwaka umeme ulipofika na mama akakataa jiko lake.

Nikamimina maji moto, vijiko viwili.
Kimya.
Kisha sauti ndogo, tss, tss,
kama mvua ya Desemba ikionja bati
na kubadili nia.
Viputo vikapanda. Gamba likabanduka vipande vipande,
bila moto, bila msasa, bila ugomvi.
Ni nyufa za vidole vyangu tu, kazi ya upepo wa Julai,
zilizopiga kelele.
Tone likarukia sufuria ya mlenda
na magadi yakafura papo hapo:
hawa wawili hawajawahi kulala nyumba moja.

Nikamwaga. Nikasuuza mara tatu.
Ndani kukang'aa hadi nikaiona pua yangu.
Nikajaza, nikabandika,
na makaa yakalia: chwaa.

Tundu. Dogo, la ncha ya sindano,
chini kabisa, karibu na mshono.
Sijui lilitoboka lini.
Mama hakulijua,
au alilijua, akaiachia chokaa ilizibe.

Kwenye gazeti kimebaki kijiko kimoja.
Nimekikunja, nimekiweka juu ya kabati.
Kesho nitampelekea fundi Mhawi birika.
Leo tumechemshia sufuria,
chai imekolea,
na hakuna aliyeulizia ndimu.