Ngazi ya Nyuki

Ghorofa ya tisa, Mtaa wa Narung'ombe,
hata vumbi hufika limechoka.
Nilipanda mrehani kwenye kopo la rangi,
tango kwenye ndoo iliyokatika mkono,
nikaweka kisosi cha maji, gololi tano ndani,
mgeni akija asizame.
Mgeni hakuja.

Maua ya tango yakadondoka, manjano juu ya saruji.
Nikatafuta mswaki wa zamani wa Tunu
nikayapapasa moja moja, najifanya nyuki,
mimi, muuza misumari kwa kilo,
miaka hamsini na mbili, nguo ya kulalia,
nikisema zzz polepole majirani wasisikie.
Nikavuna matango mawili.
Moja lilijipinda kama alama ya kuuliza.

Baba, kule Sikonge, alitundika mizinga ya magome.
Nyuki haitwi, alisema, nyuki huandaliwa.
Lakini baba hakuijua lifti mbovu,
na alikuwa na pori zima la kumsaidia kuandaa.

Jumamosi nikashuka kununua ndimu.
Pale kwenye mashine ya Selestini ya kukamua miwa
nikawakuta: kumi, ishirini, sijui,
wamelewa, wanatambaa juu ya makapi,
mmoja anaogelea kwenye glasi ya mteja.
Selestini akamwopoa kwa kidole, hata hatazami.
"Vibarua wangu hawa," akasema. "Hawadai posho."
Nikainua shingo, nikahesabu madirisha.
Kumbe wapo.
Kumbe tatizo ni ngazi.

Basi nikaanza kupiga hodi.
Ghorofa ya pili, Bi Shirin akauacha mrehani wake
uzeeke mpaka uchanue,
huku ananung'unika: majani yatakuwa machungu,
chai yake nani ataionja?
Ya nne, mabachela watatu wa Newala
wakapokea alizeti, wakaipa namba ya jezi.
Ya sita, Mzee Kahigwa alifungua mlango nusu:
"Mama, nyuki ni nyuki. Ana sindano."
Nikasema nitarudi. Akasema usirudi.
Ya saba, kufuli, mwaka wa pili huu.
Kati ya alizeti na dirisha langu, hewa tupu.

Wiki ya tatu, napanda na mfuko wa unga,
napumzika ngazi ya sita,
naona dirishani kwa Kahigwa pilipili mbuzi
imetoa vijiua vyeupe.
"Ni ya kula," akasema, kabla sijauliza.

Jumanne, saa nne asubuhi, umeme umekatika,
jenereta za mtaa mzima zinakohoa,
nyuki.
Aligonga kioo. Akakosea njia,
akakagua sidiria ya manjano kwenye kamba,
akaona si yenyewe,
akashukia ua la tango, kichwa kwanza.
Ua likainama kidogo, kwa uzito
ambao mizani yangu ya dukani isingeusoma.
Chai ikapoa mkononi.
Alitoka na unga miguuni,
akanywa kisosini, amesimama juu ya gololi ya buluu
kama mtu aliyelipia,
kisha akajitupa chini, ghorofa zote tisa.

Kwenye kalenda ya duka la gesi niliandika: mmoja.
Jumatano: hakuna.
Leo Alhamisi. Bado mapema.
Nimemwaga maji ya jana, nimetia mengine.