Chafya ya Pareto

Mutinda alikuja Bondeni na begi la ngozi,
akaifungua santuri kama afunguaye kidonda,
kitambaa, karatasi, kitambaa tena,
akanong'ona bei yake:
ng'ombe saba wa maziwa
na zizi la kuwalaza.

Ziko sita tu duniani, akasema.
Lebo ya manjano: Vivuli vya Shaba, Kitwe, 1973.
Wakusanyaji wamenuniana, wa Osaka na wa Hamburg,
kwa ajili ya sekunde tatu za mwanzo.
Wapo wanaoapa ni Kibemba.
Wapo wanaoapa kanda ilichezwa kinyumenyume makusudi,
kwani hiyo ndiyo roki ya njozi, mama,
siku hizo hata saa za ukutani zililewa.

Nikamwambia, weka sindano.

Kwanza mkwaruzo, mahindi kwenye kikaango.
Kisha sauti ya kijana, mbali na maikrofoni:
agenge, aeng, somok,
na pale pa nne, mlipuko.

Si toazi. Si kanda iliyogeuzwa.
Ni chafya, Mutinda.
Ni Kimalel akipiga chafya kwenye ghala la pareto
nyuma ya reli, mwezi wa Julai,
magunia ya maua makavu yamefika darini
na vumbi lile linaloua nzi na viroboto
halikumwachia mpiga ngoma pua.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshika kurunzi.
Mlinzi tulimlipa mkate na soda mbili awe kiziwi.
Wambaire alikuwa na nyuzi tatu kwenye besi,
ya nne ni waya wa breki ya baiskeli.
Na kaka yangu Zadok
alikuwa ameichana spika kwa wembe,
mkato mmoja, mrefu,
gitaa likaacha kuimba, likaanza kunguruma.
Rekoda ilikuwa ya kanisa.
Sikiliza hapo gitaa linapovuta pumzi:
huyo si pepo, kama mlivyoandikiana,
huyo ni Mchungaji Shadrak, mahubiri ya Jumapili iliyopita,
hakufutika vizuri,
bado anatuonya juu ya pombe.

Akacheka, akatoa kalamu.
Basi tutaisahihisha, akasema.
Tutaifuta Kitwe, tutaandika Nakuru,
majina yao watatu, na lako la kurunzi.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipokwama.

Maana Zadok alipanda lori la kwenda kusini
na kanda ndani ya soksi.
Ikaja barua moja, muhuri wa Tunduma,
ikiuliza kama paka amezaa.
Baada ya hapo mama alilala bila kufunga mlango,
mwaka baada ya mwaka,
hadi komeo lenyewe likaota kutu.
Hatukujua kama alivuka mpaka.
Sasa unaniletea neno moja la manjano, Kitwe,
la uongo, nalo ndilo barua yake ya pili,
na wewe umeshika kalamu ulifute.

Geuza, nikasema. Upande wa pili.

Siwajui hawa. Ngoma ni ya mtu mwingine,
mkono mzito, usioijua pareto.
Wanaimba lugha ambayo sina.
Lakini nyuma yao, subiri, nyuma ya tarumbeta,
ule mkato wa wembe.
Spika ileile.
Alifika. Alipata watu wa kupiga nao.

Andika Nakuru upande mmoja, nikamwambia,
na upande wa pili usiuguse.

Bei itaanguka, akasema Mutinda,
wanunuzi hawapendi sahani yenye makwao mawili.

Na ianguke. Ng'ombe watatu nao hukamuliwa.

Na ile chafya, akauliza, niandike ni chombo gani?
Sikumjibu. Nilikuwa nimeirudisha sindano mwanzo,
agenge, aeng, somok,
nikiingoja ile nne
ambayo hakuna aliyewahi kuisema.