Wali Mezani Thesalonike

Nilitoka Winipegi na sanduku moja na uhakika mwingi.
Uyahudi niliujua kama nijuavyo jiko la bibi yangu:
supu ya kuku kila Ijumaa,
samaki wa kusaga, kipande cha karoti juu yake kama kofia,
na juma la Pasaka mchele, dengu, maharage, mahindi
vikifungiwa stoo, mlango ukapigwa utepe
kana kwamba mna maiti ndani.
Hivyo ndivyo. Nani angekuwa na vingine?

Nilikwenda kusomea madaraja:
saruji, chuma, mzigo na mhimili.
Mungu hakuwamo kwenye ratiba.

Mwezi wa tatu nikakalia miwani yangu.
Hivyo tu ndivyo nilivyomjua Davi Kamhi,
mwenye duka nyuma ya soko la samaki.
Alisoma jina langu kwenye risiti, Mirel Zhuravitski,
akanitazama kupitia lenzi aliyokuwa akiifuta.
"Pasaka unakula wapi?"
Hakuniuliza kama mimi ni wao.
Unakula wapi. Basi.

Mezani tulikuwa tisa, nami mdogo wao kwa miaka thelathini,
kwa hiyo maswali ya usiku ule yakaniangukia.
Nikayauliza kwa mahadhi ya kwetu,
na Bi Estrea, shangazi mtu, akacheka hadi akakohoa:
"Huyu anauliza kama theluji inamwangukia!"
Kisha wakajibu kwa Kihispania cha kale,
lugha iliyofukuzwa kwao karne tano zilizopita
na hadi leo haijavua viatu.

Ndipo sinia likaja.
Wali.
Mweupe, wa moto, kokwa za msonobari juu yake.
Wali, usiku wa Pasaka!
Mkono wangu ulikwama hewani
kama wa mtu aliyesahau jina la anayemsalimia.
Nikatazama kushoto, kulia. Hakuna aliyeshtuka.
Davi akanisukumia kijiko.
"Kwenu hamli? Masikini.
Mnakula nini basi, huzuni?"

Nikala.
(Niseme kweli: niliomba nyongeza.)

Asubuhi akanirudisha chuoni kwa miguu.
Kwenye ngazi nilizozikimbilia miezi miwili, kila siku nimechelewa,
akasimama, akagonga kigae kwa kisigino.
"Hapa walilala wazee wetu.
Makaburi, toka pale hadi kule.
Wakati wa vita wakayavunja,
mawe yakachukuliwa ya kujengea."
Alisema kama mtu anayetaja bei.
Mimi ni mwanafunzi wa madaraja.
Najua jiwe hubeba uzito gani.
Sikujua.

Uani kwa Bi Estrea kuna bamba la marumaru
alilolikomboa kwa jirani, lilikuwa kizingiti cha choo.
Davi alivua miwani yake, akaivaa tena.
"Soma wewe. Mimi nauza macho tu."
Herufi nilifundishwa nina miaka kumi na miwili,
kwa kaseti, kwa kukariri,
ili familia ipige makofi na tule keki.
Sikuwahi kudhani kwamba
kuna mtu upande wa pili wa herufi zile.
Nikapitisha kidole. Baridi. Ukoga.
*Binti wa*
na hapo jiwe likaisha.

Usiku nikapiga simu nyumbani.
"Bobe, nimekula wali."
Kimya. Nilisikia friji yake ikinguruma
ng'ambo ya bahari.
"Pasaka?"
"Pasaka."
Kimya tena, kirefu cha kutosha kunikana.
"Ulikuwa na chumvi?"
"Ulikuwa nayo."
"Hm."

Nikamweleza juu ya ngazi, juu ya bamba, juu ya kidole changu.
Hakupiga yowe. Aliburuta kiti, nikamsikia akikaa.
Kisha, taratibu, kama anayemtafuta mtu wa mtaani kwake:
"Binti wa nani?"

Sijui, Bobe.
Limevunjika hapo hapo.