Anwani ya Kumi na Saba

Kuldiga, Februari. Niko chini ya meza ya maktaba
kama mtu aliyeangusha kipuli,
waya wa buluu mdomoni, tochi kwapani.
Kompyuta mpya ya mezani bado inanuka boksi.
Ina kadi mbili za mtandao: moja ielekee nje, kwa walimwengu,
ya pili ndani, kwa mashine za wasomaji
na kwa printa ya ghorofani isiyomsikiliza mtu.

"Usiiache ijiokotee anwani," asema Bi Dzidra,
akinipa daftari. "Hapa kila mmoja ana yake."
Mwandiko wa marehemu Ilgvars, wino wa kijani,
kila saba imefungwa mkanda kiunoni.
Kumi na tano: kaunta. Kumi na sita: chumba cha watoto.
Kumi na saba: patupu.

Basi nikaandika
kumi, nukta, sifuri, nukta, nne, nukta, kumi na saba.
Nikaivika barakoa yake ya namba
(barakoa gani hii? Haifichi uso,
inakuambia tu nani jirani, nani wa mbali).
Nikaionyesha lango. Nikabonyeza.

Ikagoma: anwani hii ina mwenyewe.

Nikaenda kwenye mashine ya kaunta, nikabisha.
Hodi.
Milisekunde moja, sijameza mate: karibu.
Hodi. Karibu.
Hodi. Karibu.
Mwenye nyumba yumo, na hana hata lepe la usingizi.

Nikaufuata waya: swichi, tundu la tisa, ukuta, ngazi za kushuka,
Bi Dzidra nyuma yangu na shada la funguo
asilokumbuka upi ni wa mlango gani,
hadi stoo ya magazeti ya zamani.
Pale sakafuni, bila skrini, bila kibodi,
kijimashine kinakoroma kwa vumbi.
Ubavuni karatasi, wino wa kijani:
17. Msizime. Inapima unyevu wa chumba.

Nikaiunganishia skrini.
Kila dakika kumi, mchana na usiku,
tangu kabla hajaugua,
maelfu ya mistari ambayo hakuna aliyeisoma.
Hamsini. Hamsini na mbili. Majira ya baridi yaliyopita, sitini.
Leo, dakika nne zilizopita: sabini na moja.

Bi Dzidra alivua glavu,
akasukuma kando rundo la mwaka wa tisini na nne,
akaweka kiganja ukutani.
Kilirudi kimelowa.

"Abee, Ilgvars," akasema,
sauti ya mtu aliyeitwa muda mrefu
akawa chumba kingine.

Sikuizima. Ile mpya nikaipa kumi na nane,
ikakubali papo hapo.
Daftarini nikapajaza pale patupu kwa kalamu nyeusi,
na saba yangu nayo nikaifunga mkanda.
Kisha tukaanza kupandisha magazeti, fungu kwa fungu,
hadi taa za barabarani zikawaka.

Printa bado haimsikilizi mtu.