Alama ya Vema

Kila nikifunua kifuniko, inaamka nusu.
Skrini inang'aa, hesabu za asali ziko palepale nilipoziacha,
kishale kinapepesa kwenye safu ya Vurra, madebe kumi na saba,
lakini kule pembeni, penye yale matao matatu ya waifai,
pana msalaba mdogo, kama kaburi la mdudu.

Naiuliza mitandao iliyopo. Inasema: hakuna.
Hakuna! Na ruta iko juu ya kabati la Eyotaru, fundi cherehani,
hatua nane kutoka hapa, taa yake ya kijani haijafumba jicho,
na kwa ruta hiyohiyo simu yangu inapokea mahubiri, salamu,
picha ya mbuzi wa shemeji, kazaa mapacha.

Basi mtandao upo. Asiyeuona ni huyu.

Ondoma wa duka la simu ana dawa moja ya maradhi yote:
"Zima, uwashe." Nazima. Nawasha.
Dakika kumi na moja nasikiliza feni ikikohoa vumbi jekundu la Arua,
matao yanarudi, Ondoma anadai soda yake.
Kisha umeme unakatika, nafunga kifuniko kubana betri,
umeme unarudi, nafunua,
msalaba.

Jumatatu mara tatu. Jumanne nne.
Mnunuzi wa Kampala anataka orodha kabla ya saa sita,
nami njia ya kuzima na kuwasha nimekwisha kuijua
kama mlevi ajuavyo njia ya kwake.

Alhamisi sikuzima.
Niliingia ndani, vyumba ambavyo sikuwahi kuvifungua:
mipangilio, vifaa, orodha ndefu ya viungo vyake vya mwili,
kadi ya mtandao, sifa zake, kichupo cha mwisho kabisa, umeme,
na hapo, kisandukuni, alama ya vema ambayo si mimi niliyeiweka:
*Ruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kuokoa umeme.*

Nikacheka peke yangu hadi Eyotaru akasimamisha cherehani.

Maana nilimjua huyu.
Mama, nyumba ya Onduparaka, na kibatari chake.
Ukitoka kunywa maji, ukirudi ni giza.
Hata ukiwa ndani, kitabu magotini,
akipita alikizima kwa pumzi moja, bila ubaya wowote,
"mafuta hayaokotwi njiani,"
kisha asikumbuke kibiriti kakiweka wapi.
Mafuta hayakutuishia hata siku moja.
Masomo ndiyo yaliyotuishia.

Nikaiondoa alama. Sawa. Nikafunga kifuniko.
Nikahesabu hadi mia kwa Kiswahili,
nikarudi kinyumenyume kwa Kilugbara, nikapotelea kwenye arobaini.
Nikafunua.

Tao moja. Likasita.
La pili.
La tatu, na jina la ruta ambalo Eyotaru alilichagua mwenyewe
akakataa kunieleza maana yake: USINIGUSE.
Orodha ikaondoka saa tano na dakika hamsini na mbili,
Vurra na madebe yake, Logiri, Ajia, wote.

Betri sasa inakata roho saa nane; zamani ilifika saa kumi.
Ondoma anasema nimeiharibu, na soda hajafuta.
Eyotaru ameniachia tundu moja la umeme karibu na pasi,
nami kwa malipo namshikia mapazia marefu anapoyakata.

Jumapili nilikwenda kwa Mama.
Sasa ana balbu, sola ya juu ya bati, haina bili.
Nilipoaga niliiacha taa ya sebuleni ikiwaka, makusudi.
Hakusema neno. Akanisindikiza kwa macho hadi kwenye ua.
Sijafika barabarani nikasikia swichi:
ta.