Kabati la Chini

Kabati la chini halifungiki tena.
Jumamosi nililifungua nikitafuta kifuniko cha sufuria,
likanitapikia miguuni:
blenda yenye jagi lililopasuka,
mashine ya chapati niliyoinunua Luthuli
kwa ulimi wa muuzaji
("Mama, unga unaingia huku, chapati inatokea kule"),
kipimajoto cha nyama, sisi tulao nyama mwisho wa mwezi,
na kitenganishi cha kiini cha yai,
kana kwamba ganda si vikombe viwili tayari.

Nikaketi sakafuni, nikahesabu.
Sikuhesabu vyombo. Nilihesabu pesa.
Mashine ya chapati peke yake
ni viatu vya shule vya Mutheu, jozi mbili, na chenji.
Siku ya kwanza ilitoa chapati nne,
ngumu, nyeupe, kama vifuniko vya makopo,
ikala tokeni za siku tatu,
mita ikaanza kulia kilio chake cha mdudu.
Kilonzo alitafuna kimya, kwa heshima,
kisha akauliza kama kifimbo bado kipo.

Kipo.
Mama alinipa nikitoka Wote,
kimelika katikati, mikono yake ilipozoea,
na sasa yangu.
Hakijawahi kuniomba tokeni.

Na hiki cha kukatia sukuma, nani alinidanganya?
Pale chini langoni yupo Nyaboke,
kisu chake kimenolewa hadi kimebaki utepe,
anaviringisha majani kumi kama anayekunja mkeka,
anakata huku akinisimulia ya ploti namba tisa,
hatazami kisu, hatazami kidole,
sukuma inashuka nyembamba kama uzi,
na bei ni ileile, iliyokatwa na isiyokatwa.
Mashine gani itanipa na habari juu yake?

Lakini nisiseme uongo kwa sababu nina hasira.
Sufuria ya presha nitaitetea mbele ya hakimu yeyote.
Maharagwe yaliyokuwa yakila mtungi wa gesi
siku hizi yanaiva nikisahihisha daftari moja la Mutheu.
Mama mkwe alipoisikia mara ya kwanza ikipuliza
alihamia sebuleni, mkoba mapajani,
viatu miguuni, macho mlangoni.
Leo hupiga simu kutoka kwake:
"Lile bomu lako, Krismasi unaniletea?"

Basi nikapanga: hiki cha kuuza, hiki cha kutupa.
Kikatio cha vitunguu nilikuwa nakiweka kwenye cha kutupa,
kile cha kubonyeza kwa kiganja, tap, tap,
kilichonichukua muda mrefu kukiosha
kuliko kukata vitunguu vyenyewe.
Mlango ulikuwa wazi. Mzee Ondari wa mlango wa pili
alikuwa akipita na mkate chini ya kwapa.
Mkono wake wa kulia umelala tangu ile kiharusi
ya mwaka juzi; huubeba kama mtoto wa mtu mwingine.
Akasimama. "Hicho kinafanya nini?"
Nikamwonyesha na nusu kitunguu.
Akaomba ajaribu. Kwa mkono wa kushoto,
tap.
Akafungua, akatazama ndani muda mrefu,
vipande vidogo, sawasawa, vyake.
Machozi yakamtoka. Tukasema ni kitunguu.

Jioni alibisha na bakuli la kachumbari,
chumvi imezidi, pilipili imezidi,
nyanya zimepondeka zikawa supu.
Tuliila yote na ugali, Kilonzo akafuta bakuli kwa kidole.
Mzee amesimama mlangoni bado,
anachungulia rundo langu sakafuni.

"Na hiyo ya chapati," anauliza, "inafanya kazi?"

Nimefungua mdomo kusema ukweli,
nikautazama ule mkono.

"Njoo kesho," namwambia. "Tujaribu na unga laini zaidi.
Tokeni ni juu yako."