Tuzo ya Pili

Tulikuwa watatu na bahasha kumi na moja,
jikoni mwa kituo cha zimamoto, kaskazini mwa Maine,
Machi, theluji ingali imeegemea madirisha.
Delphine alileta mkate wa tangawizi.
Armand alivaa miwani ya mkewe, yake ameikalia.
Mimi nilileta kalamu nyekundu, ugonjwa wa ualimu,
nikairudisha mkobani kabla hawajaiona.

Fedha: dola mia saba na hamsini.
Kifungua kinywa cha hisani cha Novemba,
bahati nasibu ya bunduki ya kuwindia,
na kopo la sarafu dukani kwa Pelletier
lenye picha ya Réjean, mwana wa Delphine,
aliyeangukiwa na magogo akiwa na miaka kumi na tisa,
na ambaye, tuseme kweli, shule hakuipenda.
Vitabu vya muhula mmoja, zimekwisha.
Lakini ndicho tulicho nacho,
na watoto huomba kana kwamba tunagawa ufalme.

Nikasoma. Kila mmoja alikuwa nahodha wa kitu.
Kila mmoja aliumia goti akajifunza subira.
Mmoja alimshukuru kocha, bibi yake, na Mungu,
kwa mpangilio huo.
Mwingine alisahau kubadilisha jina la wafadhili:
"Ndoto yangu ni kukitumikia Chama cha Wafuga Nyuki."
Armand alicheka hadi chai ikamtoka puani.
"Huyu apewe asali."

Ya tisa ilikuwa ya Noreen Saucier.
Swali letu, tulilolinakili kutoka kwa wengine, lilisema:
Eleza kikwazo ulichokishinda.
Alijibu kwa mkono, wino wa buluu:

"Sijakishinda. Kiko jikoni sasa hivi,
kimevaa soksi za baba yangu,
kinauliza kama nimeona funguo za gari.
Nimezificha kwenye pipa la unga.
Nikienda chuo, sijui nani atazificha.
Mmetaka maneno mia tano. Yangu yameishia hapa."

Jokofu likanguruma, likanyamaza.
Delphine aliyahesabu maneno kwa ncha ya kidole,
kisha akayarudia, kama mtu atafutaye senti iliyodondoka.
"Alama zake hazifiki," Armand akasema, taratibu.
Sharti ni tatu kamili. Ana mbili nukta nane.
Sharti aliliandika Delphine mwenyewe, mwaka wa msiba,
alipotaka kitu chochote duniani kiwe na mpaka.
Hatukuligusa.

Tukampa Curtis Levasseur. Anastahili, sisemi hastahili:
huamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe,
na hesabu zake zimenyooka kama matuta ya viazi.

Nilifika nyumbani, sikuvua koti.
Mwaka wa sitini na nane fomu zilikuwa mbili, nauli moja.
Dada yangu Lucille akabaki na mama na ndoo za matapishi,
nami nikapanda basi.
Hakunidai hata siku moja.
Deni lisilodaiwa halina siku ya kulipwa.

Nikatoa dola mia mbili za dirisha la chumbani;
litangoja, gazeti lililozibia ufa bado zima.
Nikavuta karatasi, nikachapa:
Tuzo ya Lucille Cyr. Mwaka wa kwanza.
Sharti:
hapo nilikaa sana, mpaka birika likakauka.
Mwombaji awe amewahi kuficha funguo.

Usiku wa zawadi, ukumbi wa mpira wa kikapu,
mwalimu mkuu alilisoma jina la tuzo kwa shaka,
akaigeuza bahasha kuona kama ina maelezo nyuma.
Noreen aligeuka kumtafuta Noreen mwingine.
Kisha akaja, viatu vya theluji vikilia kwenye sakafu iliyong'arishwa,
akaushika mkono wangu, akanong'ona:
"Hii sikuiomba."
"Najua," nikasema. "Leo ziko wapi?"

Akapiga mfuko wa koti lake, mara moja.
Zikalia.